Dakika Sita za Zamu ya Chini

Jumatatu, 3 Januari 1972

Tumefika. Ghala la mjomba wake Rupert, katikati ya mashamba ya Herefordshire, matope mpaka fundo la mguu, na humo ndani mashine ya kurekodi ya njia kumi na sita ambayo kampuni imetukodishia kwa wiki nane. Rupert Anstey, mpiga gitaa wetu na kiongozi wa kujipachika, ameshachukua kitanda cha karibu na jiko la makaa. Mimi nimepewa chumba cha juu, dirisha halifungi. "Wewe mtu wa milimani, Luned, umezoea," kaniambia. Nyoo! Kwetu Rhondda, bonde la migodi, kila nyumba ina moto kuanzia Septemba, maana baba zetu ndio wanaoyachimba hayo makaa.

Daftari hili nimelinunua stesheni ili matusi yangu yawe na mahali pa kwenda. Nikiyasema yote mdomoni, bendi itavunjika kabla ya Ijumaa.

Hii ni santuri yetu ya tatu. Itaitwa Mfalme wa Ukungu, jina la Rupert hilo, sina la kusema. Kwenye zile mbili za kwanza kila wimbo umeandikwa "Anstey", hata ule ambao kila nota ilitoka kwenye vidole vyangu, kwa sababu kwenye bendi yetu mwenye kupeleka fomu kampuni ndiye anayeitwa mtunzi. Safari hii kaapa baa, mbele ya Col mpiga ngoma na Piers mwimbaji: upande wa kwanza nyimbo zake tano, upande wa pili wote wangu, wimbo mmoja wa dakika ishirini na mbili, na jalada litaandikwa jina langu kamili, Eluned Prosser. Katikati yake mna dakika sita za kinanda peke yake. Nimeziita "Zamu ya Chini". Nilizitunga kwa ajili ya baba, aliyeshuka mgodini akiwa na miaka kumi na minne na bado anashuka.

Zikitoka kama nilivyozitunga, na jina langu juu yake, basi. Sitaki kingine.

Jumatano, 5 Januari

Mvua. Kinanda cha tepu kimegoma. Kile ambacho kila kitufe chake kina kipande cha tepu chenye sauti za fidla. Kikipata unyevu, fidla zinalia kama mbuzi. Rupert kanilaumu mimi, sijui kwa lipi.

Jumapili, 9 Januari

Mgomo umeanza leo. Wachimbaji nchi nzima. Nimepiga simu kwenye kibanda cha njia panda, nikampata baba klabuni.

"Mtakaa muda gani, baba?"

"Mpaka watusikie, mwanangu. Wewe piga kinanda chako."

"Mna akiba?"

"Mama yako ana mtungi wa achari na ulimi mkali. Tutaishi."

Rupert aliposikia habari alisema, "Poleni," kisha akauliza nani kachukua kamba zake mpya za gitaa.

Jumanne, 11 Januari

Mazoezi siku nzima, wimbo wa mapigo saba saba. Col ni mtu mwema, anatoka Croydon, anapiga ngoma huku anatafuna mkate. Ananiita dada. Piers anaimba vizuri lakini anaamini kila anachoambiwa na aliyezungumza mwisho. Desmond, fundi mitambo, haongei, anavuta kiko tu.

Rupert kaliona daftari langu la nyimbo, limejaa solfa, d r m f s, nukta na vistari, kama tunavyoandika kanisani kwetu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Hii nini, mrembo? Orodha ya dukani?" Yeye kasoma shule ya bweni, nota zake za mistari mitano. Nikamwambia bondeni kwetu mwashi, muuza samaki na mtoto wa miaka saba wote wanaisoma hii bila kumeza mate. "Inapendeza," akasema. Nachukia hilo neno akilisema yeye.

Ijumaa, 14 Januari

Nimezirekodi. Dakika sita, mara moja, bila kukosea.

Nilianza chini kabisa kwa miguu, kwenye zile kanyagio, polepole, kama lifti inavyoanza kuteremka. Halafu mkono wa kushoto. Halafu ile ngazi: kila ubeti do inapanda kidogo, mpaka mwisho wimbo umetokea juu, mahali pengine kabisa na ulipoingilia. Hapo ndipo wenzangu wote wanaingia kwa pamoja na Piers anaimba sehemu ya mwisho. Nilipoachia kitufe cha mwisho nilikuwa nalia na sikuona haya.

Col alinikumbatia. Desmond alitoa kiko mdomoni akasema, "Hiyo usiiguse tena," na kwa Desmond hiyo ni hotuba.

Rupert akasema, "Nzuri. Ndefu kidogo."

Jumatano, 19 Januari

Gitaa la Rupert, siku nzima. Wakati wa chai: "Luned, ile ya kwako. Nzuri. Lakini ndefu kidogo."

Jumamosi, 22 Januari

Mvua. "Ndefu kidogo." Solo lake la gitaa kwenye upande wa kwanza lina dakika saba. Nimelipima kwa saa.

Jumanne, 25 Januari

Kanieleza sababu, na nakiri si uongo mtupu: upande wa santuri ukizidi dakika ishirini, mifereji inabanana na sauti inafifia. Desmond kaitikia kwa kichwa. Nikasema sawa, tukate kwenye mwanzo, marudio ya gitaa yako yapo manne. Alinitazama kama nimemwomba figo.

Alhamisi, 27 Januari

Baridi kali. Makaa yanaisha. Kila mtu ananiangalia mimi, utadhani nimeyaficha chini ya sketi.

Jumanne, 1 Februari

Leo mwandiko ni wa hasira.

Asubuhi niliamka ghala lote lina joto. Joto! Jiko linanguruma, Piers kavua sweta, kinanda cha tepu kinaimba kama malaika. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikatoka nje kuchota maji, na kwenye kibanda cha nyuma nikakuta magunia kumi na mawili ya makaa. Yamelowa kwa juu, vumbi limekauka kwa chini. Nikashika kipande. Mtoto wa mchimbaji haambiwi haya ni makaa ya aina gani, anayajua kwa mkono.

Nikaingia ndani. Rupert anakula yai.

"Haya makaa yametoka wapi?"

"Asubuhi njema na wewe pia."

"Rupert, nimekuuliza. Malori hayapiti. Wagomaji wamesimama kwenye kila lango usiku na mchana ili yasipite. Yametoka wapi?"

"Kuna jamaa mmoja, ana lori, anajua njia za vichochoroni. Alivunja ule mstari wao kabla hawajaamka." Akacheka. "Kijana shupavu kweli."

"Unajua nani amesimama kwenye ule mstari?"

"Luned, mrembo, tusianze siasa mezani."

"Baba yangu! Baba yangu kasimama kwenye lango la kituo cha umeme wiki ya tatu sasa, na koti la mjomba wangu aliyekufa, na wewe unamwita msaliti shupavu ili upashe joto yai lako!"

Piers akasema jamani jamani. Col akaacha kutafuna. Rupert akafuta mdomo polepole, ile tabia yake ya kukufanya wewe uonekane kichaa na yeye mstaarabu, akasema, "Hili ni kwa ajili ya kazi yetu. Kinanda cha tepu kinahitaji ukavu. Nimefanya hili kwa ajili ya wimbo wako pia."

Kwa ajili yangu! Hana haya wala soni. Nikamwambia sitapiga nota hata moja kwenye chumba chenye moto ule. Akaniambia basi kapige nje.

Nimekwenda nje. Col kanisaidia, mbavu zetu karibu zivunjike, tumekihamishia kinanda changu kwenye zizi la ng'ombe ng'ambo ya ua, tukavuta waya kupitia dirishani. Desmond kaja kuweka maikrofoni. Ng'ombe mmoja mzee amebaki humo. Ni mwenzangu mzuri kuliko niliowaacha kule ndani.

Ijumaa, 4 Februari

Vidole vimevimba kwa baridi. Nimerekodi sehemu mbili. Col kaja kula mkate wake zizini. "Kule ndani kuna joto, dada, lakini hakukaliki," kasema.

Jumatatu, 7 Februari

Ndefu kidogo. Safari hii kamtuma Piers aje aniambie.

Alhamisi, 10 Februari

Serikali imetangaza hali ya hatari na sasa umeme unakatwa kwa zamu, saa tatu unawaka, saa tatu giza. Leo zamu ya kwetu ilikuja katikati ya wimbo. Tunapiga sehemu ya mwisho, Piers yuko juu kabisa, ghafla mashine ikaanza kuzubaa, tepu ikipunguza mwendo, na tulipoisikiliza baadaye kwa mwendo wa kawaida ile sauti yote ilikuwa inapanda, inapanda, mpaka ikawa kilio cha mnyama anayekata roho.

Nilidhani tutaifuta. Rupert akaruka na kupiga makofi. "Tumepata! Hiyo ndiyo itakuwa mwisho wa upande wa kwanza! Sauti ya Uingereza ikifa! Na wale wavivu wametupa bure!"

Kikombe kilichokuwa mkononi mwangu kilipita sentimita mbili kutoka sikio lake. Sikumlenga. Ningemlenga ningempata.

Ijumaa, 11 Februari

Naenda nyumbani siku tatu. Nisipoondoka nitaua mtu.

Jumapili, 13 Februari

Nyumbani. Jiko letu limezimwa. Mtaa mzima unalala kaya tatu kwenye nyumba moja ili watumie moto mmoja. Jirani yetu Wil Pugh, mwenye mapafu yaliyojaa vumbi, kachoma droo za kabati la marehemu mkewe, moja kila jioni, na jana kaanza milango ya kabati lenyewe. Mama anapika supu kwenye ukumbi wa wachimbaji kwa watu mia mbili. Baba karudi saa kumi na mbili kutoka langoni, ndevu zina barafu, akaniuliza wimbo unakwendaje.

Nilishindwa kumwambia kuhusu yale makaa. Nilikaa naye nusu saa nzima nikimuuliza habari za supu. Kisha nikamwambia, kwa sababu baba yangu ukimficha kitu anakaa kimya tu mpaka unakitapika. Alinisikiliza. Akavua buti moja. "Na wewe uliota ule moto?"

"Niko zizini, baba. Na ng'ombe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mwambie huyo ng'ombe namsalimu."

Jumanne, 15 Februari

Nitaandika yote, hata kama mshumaa utaisha.

Nimeingia saa nne asubuhi. Wote wamekaa karibu na jiko na hakuna aliyenitazama usoni. Col alikuwa anachezea vijiti vyake vya ngoma. Nikajua.

"Kuna nini?"

Rupert akasema, "Kaa, mrembo."

"Sikai."

"Tumeukata upande wa pili. Una dakika kumi na sita sasa. Unakwenda kasi, unasisimua. Kampuni inakuja keshokutwa, ilibidi tuamue, na wewe hukuwepo."

Nilikuwa nimekwenda kuona kama wazazi wangu wanakula. Hukuwepo! Nikamgeukia Desmond. Wembe ulikuwa bado mezani, na ule mkanda wa kuungia tepu.

"Kipande changu kiko wapi?" "Desmond, kipande changu umekiweka kwenye kopo gani?"

Desmond akatoa kiko. "Nilikining'iniza kwenye msumari, Luned. Mita mia moja na zaidi za tepu. Nilikwenda kulala. Asubuhi hakikuwepo."

"Na nakala?"

"Hatukutoa nakala. Umeme ulikatika."

Macho yangu yakaenda kwenye jiko. Sijui kwa nini. Mlango wake wa chini ulikuwa wazi na kwenye majivu palikuwa na kitu cheusi kilichoyeyuka, kimejikunja, kinanuka plastiki.

"Ilikuwa inatapakaa chini kila mahali," Rupert akasema. "Si msiba. Iko kwenye daftari lako. Mtu yeyote mwenye shule anaweza kuipiga siku yoyote."

Dakika sita zangu. Nilizitunga mwaka mzima, kwenye treni, kitandani, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya kila mji wenye ukumbi. Kazichoma kwa makaa ya magendo, ili miguu yake isijikwae.

Sikupiga kelele. Watu walitegemea nipige kelele. Nikasema, "Nisikilizisheni hiyo ya kwenu."

Na hapa, daftari, ndipo Mungu alipowaonyesha. Nilisema do inapanda katika zile dakika sita. Wimbo unaingia chini, unatokea juu. Ukiondoa kipande hicho, mwanzo na mwisho haviungani, ni kama watu wawili wanaimba nyimbo mbili kwenye harusi moja. Rupert, kwa akili zake nyingi, badala ya kuniuliza, kamwamuru Desmond aongeze mwendo wa tepu kwenye sehemu yote ya mwanzo mpaka ipande ifikie ile ya mwisho. Imefika. Lakini kila kitu kimepanda nayo. Ngoma za Col zinalia kama makopo. Na Piers, mwenye kifua cha kiume na sauti ya kutikisa madirisha, anaimba kama mtoto aliyekanyagiwa kidole.

Nilitazama nyuso zao. Piers alikuwa anajikaza asilie. Rupert kafumba macho, anatikisa kichwa. "Ni sauti ya ulimwengu mwingine," akasema. "Hamuisikii?"

Tuliisikia.

Alhamisi, 17 Februari

Bwana wa kampuni kaja na gari refu, viatu vyeupe, kwenye tope letu. Kakaa, kasikiliza upande wa kwanza, katikisa mguu. Upande wa pili ulipoanza mguu ukasimama.

"Nzuri," akasema baada ya dakika tatu. "Huyu mtoto ni nani?"

"Mtoto gani?" Rupert akauliza.

"Anayeimba. Mmempata wapi? Mama yake ametia saini?"

Piers akasimama, akachukua koti, akatoka mvuani. Col alikuwa ameficha uso ndani ya ngoma, mabega yanatetemeka. Mimi sikucheka. Nilitaka kucheka lakini hasira ilikuwa imekalia mahali pote.

Bwana akasema irudishwe kama ilivyokuwa, kipande cha kati kitafutwe, anatupa wiki tatu, la sivyo upande wa pili hautoki. Akaondoka.

Baada ya chakula Rupert kanitolea karata yake. Kumbe alishamwita mtu kutoka London tangu jana: Lionel, kijana safi, chuo cha muziki, medali mbili. Kaja kupiga dakika sita zangu. Kwenye kinanda changu! Rupert kachukua daftari langu la nyimbo chumbani kwangu bila kuniuliza, kamfungulia.

Lionel kaliangalia. Kaligeuza. Kaligeuza tena. "Samahani," akasema kwa adabu, "hizi ni herufi za nini?"

"Ni nota."

"Mistari iko wapi?"

"Haina mistari, bwana. D ni do."

"Do ipi?"

Rupert kawa mwekundu mpaka shingoni. Akanigeukia. "Mweleze."

"Thubutu!"

"Luned, kuwa mtu mzima. Mwandikie kwa nota za kawaida."

"Za kawaida kwa nani? Hii ni orodha ya dukani, Rupert. Si ulisema? Nenda nayo dukani!"

Nikamnyang'anya daftari. Hapo ndipo ikamtoka, kwa kuchanganyikiwa tu: jina langu lisingekuwepo hata hivyo. Fomu ya kampuni kaipeleka tangu Desemba. Upande wa kwanza Anstey, upande wa pili Anstey. Kabla hatujafika hapa. Kabla sijavimba vidole zizini. Kwa muda wote huo alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na ile "ndefu kidogo" ilikuwa ya kunizoesha.

Lionel, maskini, aliomba radhi ambayo haikuwa yake. Nimefunga begi. Col kaniendesha mpaka stesheni, na aliponishusha kasema, "Ningekuwa na ujasiri ningetoka na wewe." Nikamjibu ningefurahi angekuwa nao. Nimemwonea kidogo, lakini sifuti.

Jumamosi, 19 Februari

Redio: serikali imekubali. Mtaani watu wanagonga masufuria.

Jumanne, 22 Februari

Mama kaliona daftari la nyimbo mezani, katia miwani, kaanza kuimba dakika zangu sita taratibu huku anamenya viazi. Hakukosea hata moja. Alipofika mwisho kasema, "Hii ni ya sauti nne. Kwa nini umeipa mashine?"

Jumatatu, 28 Februari

Wamerudi kazini. Nilisimama mlangoni saa kumi na moja alfajiri nikasikia buti zao barabarani. Mama na wanawake wa kanisani wamenakili karatasi sitini kwa mkono.

Alhamisi, 2 Machi

Simu klabuni. Rupert. Sauti ya asali. Kampuni imembana kooni. Kabadilisha fomu, upande wa pili wote jina langu, kashatia saini. Eti niende nikapige.

Nikamwambia dakika sita sasa ni za kwaya, Jumamosi mchana tunaziimba ukumbini, njoo usikie ulichokichoma. Nilitaka aumie tu. Kumbe kasema atakuja na Desmond na mashine.

Jumamosi, 4 Machi

Wanaume sitini, nywele bado zina maji ya kuogea baada ya zamu, vumbi bado kwenye kope. Wengi waliiona ile karatasi kwa mara ya kwanza leo saa saba. Baba kaniashiria kwa kichwa, nikagusa do kwenye kinanda cha ukumbini, wakaingia.

Siwezi kuielezea. Besi zilianza chini mpaka viti vikatikisika miguuni mwa watu. Kwenye ngazi, kila ubeti ulipopanda, niliona watoto wananyoosha shingo. Walifika juu wote sitini, hakuna aliyeachwa. Mama mmoja kasema "Ee Bwana" kwa sauti na hakuna aliyemnyamazisha.

Rupert alikuwa mlango wa nyuma, machozi yanamtiririka. Nasema ukweli, yalikuwa machozi ya kweli. Baada ya makofi kaja mbele na karatasi ya kampuni. Muziki: Eluned Prosser. Saini yake, mhuri wao. Nimeisoma mara tatu.

"Niruhusu niwarekodi," akasema. "Hivi hivi. Desmond yuko garini na mashine. Wachimbaji wenyewe, Luned, sauti halisi, hakuna bendi duniani yenye kitu hiki. Utakuwa upande mkubwa kuliko pande zote zilizowahi kutoka."

Najua atakuwa sahihi. Huo ndio uchungu wake. Masikio anayo.

Pale ukumbini hakuna linalofanyika bila kura ya mikono. Baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukumbi, akakaa kwenye kiti chake, akaeleza ombi, akauliza kama kuna ndugu mwenye swali. Wil Pugh akasimama, akishikilia kiti cha mbele yake, akasubiri pumzi.

"Huyu ndiye bwana wa yale makaa?"

Baba akamtazama Rupert. "Umeulizwa."

Rupert akatabasamu, kama mtu aliyekumbushwa mwavuli aliousahau. "Makaa? Ah, yale! Ndiyo. Kulikuwa na baridi, mnaelewa."

Hakuna aliyekohoa, na ule ni ukumbi wa watu wanaokohoa. Nilimsubiri aongeze neno la kuomba radhi. Moja tu, lolote. Alikuwa anatazama juu, anapima dari kwa ajili ya maikrofoni.

"Wanaokubali," baba akasema.

Mkono wa kwanza ukapanda. Wa pili. Walikuwa wanapandisha polepole, na hakuna aliyekuwa anamtazama Rupert. Walikuwa wananitazama mimi. Walikuwa wameamua kuyameza, kwa ajili ya binti wa Emrys, baba yangu, ili jina lake litoke. Wil Pugh, aliyechoma kabati la mkewe, kapandisha wake mpaka juu. Baba wa mwisho.

"Wanaokataa," akasema, kwa kuwa kanuni inataka iulizwe.

Nilikuwa nimekaa kwenye kinanda, karatasi ya kampuni magotini. Nikanyoosha mkono.

"Luned," baba akasema, "umeelewa swali, mwanangu?"

"Nimeelewa, baba. Wimbo ni wangu na ninakataa."

Baba akashusha mkono wake. Wil akashusha. Ukumbi mzima ukashusha, nikasikia vitambaa vya mikono ya makoti vikisuguana.

"Lakini karatasi nimeshaitia saini!" Rupert akasema. "Luned, una wazimu? Kwa sababu ya magunia kumi na mawili?"

Baba akamjibu kwa upole kabisa. "Ukumbi umeamua, bwana. Ukitoka ufunge mlango. Kuna baridi."

Halafu akagonga meza, akaniambia niwape do, tuanze tena tangu mwanzo.